Boila Yenye Firimbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la mafuta taa na tambara, nikaambiwa nisafishe spana. Hapo palikuwa ni yadi ya Idara ya Maji mjini Homa Bay, nyuma ya kibanda cha mabati ambamo paipu za chuma zilipangwa kwa unene, nyembamba juu, nene chini. Foromani wa yadi alikuwa mzee mkondefu aliyevaa kofia ya reli, ingawa reli haikufika Homa Bay na haijafika mpaka leo. Alinitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, maana hakuwa Mjaluo:

"Wewe ndiye mtoto wa yule mchochea moto wa reli?"

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye ameenda."

"Ameenda. Na mama pia."

"Basi safisha hizo spana. Ukimaliza, safisha tena. Sijakukataza kulia, lakini machozi isianguke kwa chuma. Inaleta kutu."

Nilikuwa nimeacha shule katikati ya muhula. Nyuma yangu walikuwa wawili: Auma, dada yangu, aliyekuwa bado shule ya msingi, na Odhiambo, kitinda mimba wetu, ambaye hakuwa ameanza hata kuchunga mbuzi. Baada ya mazishi ya mama, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alikuja na mpango. Auma aende kwa shangazi Migori, Odhiambo achukuliwe na watu wa mama kule Rusinga, nami nitafute mashua ya wavuvi ya kunipokea. Hakuwa na nia mbaya. Alisema nyumba isiyo na mtu mzima si nyumba. Nikamjibu kwamba mtu mzima yupo, ni mimi. Alicheka, akasema atatuacha mpaka mavuno tuone. Kwa hiyo zile spana nilizisafisha mara mbili, na hata kama Foromani asingesema, ningezisafisha tena.

Foromani alikuwa ametoka karakana ya reli ya Kisumu. Huko alitengeneza maboila ya injini za mvuke mpaka injini hizo zilipoondolewa njiani na za dizeli zikachukua mahali pake. Wenzake walifundishwa dizeli. Yeye alikataa, akasema hawezi kuhudumia kitu kisichopumua. Akapata nafasi kwenye maji, akaja kwetu na kofia yake.

Mimi nilimwelewa. Nilipokuwa mdogo tuliishi Kisumu, na mama alikuwa akinituma karakanani na chakula cha baba. Injini ya mvuke hata ikisimama hainyamazi. Inavuta pumzi, inaguna, inadondosha maji ya moto kwenye mawe, na ukiweka kiganja karibu na ubavu wake unasikia joto kama la ng'ombe mgonjwa. Injini zetu hazikutumia makaa ya mawe, zilichoma mafuta mazito meusi, kwa hiyo kazi ya mchochea moto haikuwa kushika sepetu. Kazi yake ilikuwa kuongoza koki ya mafuta na kutazama kioo cha maji, yaani bomba dogo la kioo lililoonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi. Baba alisema mtu anaweza kusahau jina lake lakini asisahau kile kioo. Na juu kabisa, mgongoni mwa boila, zilikaa valvu za usalama. Hizo zina springi. Mvuke ukizidi, springi inashindwa, valvu inajiinua na mvuke unatoka kwa kishindo kinachotisha wageni. Dereva hakuruhusiwa kuzigusa, zilipigwa muhuri. "Injini ikishiba inasema yenyewe," baba aliniambia, nami nilipenda kusimama pale nikingoja iseme.

Foromani alinifundisha bomba kana kwamba bado yuko karakanani. Kwanza, kukata nyuzi: paipu inabanwa kwenye jiliwa, unazungusha dai, ambayo ni chuma chenye meno, mbele kidogo na nyuma kidogo, huku ukitia mafuta, mpaka mwisho wa paipu upate mistari ya kuingilia kwenye soketi. Kisha katani: unaizungushia kufuata upande wa nyuzi, kamwe si kinyume, unapaka rangi nzito, unakaza. Tepu nyeupe mnayoijua ninyi haikuwepo. Nilipokaza kupita kiasi alinijia polepole, mikono nyuma.

"Okoth, hiyo soketi imekukosea nini?"

"Nataka isivuje, Foromani."

"Itapasuka, halafu itavuja, halafu utalia kwa chuma yangu. Kaza mpaka ikatae. Ikikataa, iheshimu. Na hii ni maji baridi tu. Maji ikikosea, unalowa. Mvuke ikikosea, bibi yako anaolewa na mtu mwingine."

"Sina bibi, Foromani."

"Basi kuna msichana umemwokoa."

Alisema hayo bila kucheka. Wengine waliniambia baadaye kwamba aliwahi kuona boila ikipasuka, na kwamba hakupenda kuulizwa.

Vipande vya paipu vilivyobaki aliniruhusu kuchukua, na hapo ndipo nilipoanza kazi ya bomba ya nyumbani, ile ambayo mtu anajifanyia mwenyewe bila kuitwa na mtu. Nilipachika mfereji wa bati ukingoni mwa paa la mama, nikaukingia pipa juu ya mawe, na kutoka kwenye pipa nikapitisha paipu ukutani hadi jikoni. Tundu la ukuta nililitoboa kwa nondo. Chini ya karo la kuoshea vyombo nilipinda paipu ikawa na shingo, yaani ule mpindo unaobakiza maji kidogo ili harufu na mende wasipande juu. Auma alinishikia paipu upande mmoja, Odhiambo akaukalia upande wa pili usitingishike. Nilipokuwa nikipima na kukata, niliwasimulia injini za baba. Odhiambo hakuwahi kuona injini ya mvuke hata moja. Zote alizijua kutoka mdomoni mwangu.

"Ikilala inakoroma?"

"Inakoroma."

"Na ikiita inasemaje?"

Nikamwigizia firimbi ya baba, ndefu, inayoanza chini na kupanda. Naye akaiga. Auma akasema tunawatisha kuku, hawatataga.

Baba mdogo alikuja baada ya mavuno. Alifungulia maji jikoni, akayakinga kwa kiganja, akanywa, akafuta ndevu, akaniuliza habari za kazi. Suala la kutugawa hakulitaja tena.

Nilipokuwa fundi kamili nilihamishiwa Migori, chini ya Inspekta wa Maji. Huyu alikuwa mtu wa viatu safi, lakini haki yake nitamsemea: hakututuma mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa amefika. Kule Masara wachimba dhahabu walikuwa wakitoboa paipu kuu ili wapate maji ya kuoshea mchanga wao. Sisi tulikuwa tukiziba asubuhi, wao wanatoboa jioni. "Msigombane nao," Inspekta alituambia. "Pale pale walipotoboa, wekeni koki ya kuchotea." Tukaweka. Kutoboa hakukuisha, ila kulipungua, na tukaanza kusalimiana.

Kutoka Migori nilipelekwa Ntimaru, chini ya Injinia wa Wilaya, kijana mpole aliyejenga tangi la mawe mlimani ambalo nasikia bado linatoa maji. Huko ndiko nilikokutana na Chacha. Alikuwa Mkuria wa pale pale, fundi bomba kama mimi, lakini utoto wake mwingi aliupitisha ng'ambo ya mpaka kwa wajomba zake, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sote.

"Okoth, unasema maji imeisha? Maji ya kwenu ni moja?"

"Ikiisha, Chacha, haiulizi iko ngapi."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, Ntimaru kwanza, kisha Migori tena. Alikuja kwetu Krismasi, nami nilikwenda kwake kwenye harusi za wanawe. Odhiambo alimwita "mkubwa," naye akamwita Odhiambo "mdogo wangu." Auma alimpikia samaki na kumcheka kwa jinsi alivyoogopa miiba.

Odhiambo alimaliza shule, akawa fundi wa injini za mashua kule Mbita, akajenga nyumba juu kidogo ya ziwa, akamwoa Achieng. Auma alipata nyumba yake mjini Mbita na biashara ya samaki. Kwa hiyo sote watatu tulifika utu uzima tukiwa hatujatawanyika, tukizungumza kila wiki, na mimi nilihesabu hiyo kuwa kazi yangu kubwa kuliko paipu zote.

Wakati huo kazi ya bomba ilikuwa imebadilika. Paipu za plastiki zilikuwa zimekuja, unakata kwa msumeno wa mkono, unapaka gundi, unasukuma. Baadaye zikaja za kijani zinazounganishwa kwa pasi ya moto. Kazi iliyonichukua miaka kuijua, mtu mwenye subira aliweza kuijaribu kwake mchana mmoja. Odhiambo alikuwa na subira na alikuwa na mikono. Karo, choo, bafu, vyote aliviweka mwenyewe. Nilipofika nilivikagua kama Inspekta wa Maji, nikakosa la kusema isipokuwa kuhusu mteremko wa paipu ya maji machafu. Iteremke kidogo tu. Ikiteremka mno maji hukimbia na kuacha uchafu nyuma. Aliirekebisha siku hiyo hiyo.

Msimu mmoja wa mvua alinipigia simu.

"Omera," alisema, yaani ndugu yangu, "nataka maji ya moto."

"Nunua ile ya umeme."

"Ile inanguruma tu, haipumui. Nimepata tangi la kompresa, la chuma kizito. Nimelijengea jiko la matofali nyuma ya jikoni. Na juu nimeweka firimbi."

"Firimbi ya nini?"

"Ya kuita watoto kula."

Alikuwa ametengenezewa firimbi ya shaba na fundi wa mashine, kwa kumwelekeza kwa mdomo vile nilivyomwigizia mimi zamani. Sitasema kwamba sikufurahi. Nilimwambia jambo moja: kuni zisijae kwenye jiko lile la matofali kabla ya valvu ya usalama kuwepo. Akakubali. Chacha akachukua jukumu la kuitafuta Migori. Alizunguka madukani, akamwambia Odhiambo kwa simu kwamba haipatikani. Kisha, siku moja kabla hatujaenda Mbita, akaipata. Hakumwambia. Alitaka kumfurahisha akiwa mbele yake.

Hapa inabidi nieleze ile boila ilivyokuwa. Ukiacha firimbi, iliyolia pale tu mtu alipofungulia koki yake, ilikuwa na njia mbili za kupumulia. Ya kwanza ni paipu ya maji baridi iliyoteremka kutoka kwenye tangi la juu. Maji yakipata moto yanapanuka, na kwa kuwa tangi la juu lilikuwa wazi, yaliweza kurudi yalikotoka. Katikati ya paipu hiyo palikuwa na get valvu, ile yenye gurudumu dogo jekundu la kuzuia maji. Njia ya pili ni tundu la juu ya boila, mahali pa valvu ya usalama. Kwa vile valvu hiyo haikuwa imepatikana, Odhiambo alikuwa ameliziba tundu kwa plagi ya chuma.

Tulifika Jumapili baada ya kanisa, mimi na Chacha. Auma alikuwa ametangulia, yuko jikoni na Achieng. Nyuma ya jikoni nilikuta moto mdogo.

"Nilikwambia nini?"

"Vijiti tu, omera. Naosha grisi ya ndani. Angalia, njia ya tangi iko wazi."

Nilitazama gurudumu jekundu. Lilikuwa wazi kabisa. Niliweka kiganja kwenye paipu nikasikia joto likipanda kuelekea tangini. Boila ilikuwa inapumua. Nikaridhika. Chacha alitua mfuko wake kando ya ukuta, akanivuta mkono, akanionyesha ndani: valvu ya usalama, shaba mpya, bado ina karatasi. Odhiambo alikuwa ameinama upande wa pili akivunja kuni.

"Ninyi Wajaluo mnapenda maji ya moto kama watu wa baridi ya Limuru," Chacha alimwambia.

"Mkubwa, ukioga hapa leo, kesho Ntimaru hawatakutambua."

Achieng akatuita tunawe mikono. Mimi nilikuwa nimefika mlangoni, Chacha yuko katikati ya ua, alipogeuka na kumwambia Odhiambo:

"Funga valvu kwanza, kabla hujaongeza kuni."

"Sawa, mkubwa."

Nililisikia neno hilo vizuri. Sikugeuka, kwa sababu halikuwa na shida yoyote kwangu. Niliiona valvu ndani ya mfuko, nikajua anamwambia aipachike mahali pake. Kwa Kiswahili fundi hufunga mashine, hufunga injini, hufunga bomba, maana yake anaiweka na kuikaza. Lakini kwa Kiswahili hicho hicho tunafunga mlango na tunafunga maji. Kwa Dholuo hayo hayachanganyiki. Kufunga mlango ni loro, kufunga kitu kwa kamba ni tweyo, na kuweka ni neno jingine kabisa. Chacha alidhani Odhiambo ameuona mfuko ukiwa wazi. Odhiambo alijua valvu moja tu katika ua ule, ile yenye gurudumu jekundu. Akalizungusha mpaka likakataa. Kisha akaongeza kuni.

Tulikuwa tumeketi mezani, Odhiambo bado yuko nje kwenye moto, firimbi ilipolia. Ilianza chini ikapanda, ndefu, na kwa muda mfupi mimi sikuwa Mbita, nilikuwa Kisumu nimeshika chakula cha baba. Auma alicheka akasema, "Sasa kuku hawatataga." Watoto waliinuka kukimbilia nje. Hawakuwa wamefika mlangoni mshono wa chini wa tangi ulipoachia.

Sitaeleza tulichokikuta. Odhiambo alikuwa bado anazungumza. Chacha alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na mikono ya Chacha ina alama mpaka leo. Njiani kwenda hospitali Odhiambo aliniuliza kwa Dholuo, "Ne aloro, omera, donge ne aloro?" akimaanisha kwamba alifunga kama alivyoambiwa. Nikamwambia ndiyo. Hatukufika naye.

Siku moja kabla ya mazishi wazee walikaa chini ya hema nyumbani kwa Odhiambo. Baba mdogo, ambaye sasa alikuwa mzee sana, ndiye aliyeongoza, na chifu msaidizi alikuwepo kwa sababu langoni walikuwa wamekusanyika vijana wa ufuoni. Walikuwa wakisema Mkuria ametumalizia mtu. Chacha alikuwa ameonywa asije. Alikuja, mikono imezungushiwa bandeji, akaketi kwenye kiti cha mwisho.

Chifu msaidizi alimwuliza kwa Kiswahili alimwambia nini marehemu.

"Nilimwambia afunge valvu."

"Mmesikia," Auma alisema. "Amesema mwenyewe."

"Nilimaanisha aiweke, dada. Valvu mpya. Ilikuwa mfukoni."

"Funga ni funga. Hata mtoto wa nasari ukimwambia funga mlango, anajua."

"Na injini ya mashua? Odhi amefunga injini ngapi kwenye mashua za hapa Mbita? Alikuwa akizifunga vipi?"

Langoni sauti zilipanda, chifu msaidizi akaenda kuzituliza, akarudi. Ndipo baba mdogo aliponigeukia.

"Okoth, wewe ndiye mkubwa wao. Ulikuwepo. Sema ulichosikia."

Nawaandikia ninyi ambao hamkuwa pale, kwa hiyo nieleze kilichokuwa mbele yangu. Kama ningesema Chacha alimwambia azuie maji, Chacha asingefika barabarani. Kama ningesema alimaanisha aweke, basi mkono ulioziba boila ulikuwa wa ndugu yangu mwenyewe, na kwetu mtu aliyefariki kwa mkono wake halizwi wala hazikwi kama wengine. Wazee wawili walikuwa wameshaanza kunong'onezana juu ya hilo. Auma alinitazama. Alinitazama kama alivyonitazama utotoni aliponishikia paipu, akingoja nimwambie kama ameshika sawa.

"Alisema funga," nikasema. "Mimi nilielewa aweke, kwa sababu niliiona valvu mfukoni. Odhiambo hakuiona. Alielewa loro. Chacha hakumwua. Na Odhiambo hakujiua."

"Gurudumu lilizungushwa na nani?" baba mdogo aliuliza.

"Odhiambo."

Auma akasimama, akavuta khanga yake begani, akatoka hemani. Baba mdogo aliweka mikono juu ya fimbo, akasema kwamba mtoto ameuawa na kazi, azikwe kando ya nyumba yake na alizwe kama mwanamume yeyote. Hilo likapita. Nikainuka, nikamshika Chacha kiwiko, maana mikono haikushikika, nikatoka naye langoni katikati ya wale vijana, chifu msaidizi upande wa pili, mpaka tulipompata mtu wa kumpeleka. Tulipoachana aliniuliza kama ningependa kuichukua ile valvu. Nikakataa.

Chacha hajashika spana tena. Alirudi Ntimaru, analima mahindi. Nikimpigia simu tunazungumzia mvua.

Auma alinikuta baada ya maziko, watu wakitawanyika. Akaniambia kwa Kiswahili, "Asante kwa ushahidi wako, Bwana Okoth." Nilidhani ni hasira ya siku ile. Lakini tangu wakati huo dada yangu hajasema nami Dholuo. Nyumbani kwetu Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya ofisini na ya mtu usiyemjua kwao. Tukikutana kanisani au msibani hunisalimia kwa Kiswahili, kwa adabu yote, hunijulia hali, huniambia kwaheri. Hajawahi kunitukana. Ningependa anitukane.

Nilirudishwa Homa Bay, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa foromani wa yadi ile ile. Waliokuwa chini yangu walijua sheria moja isiyoandikwa popote: neno funga lisitumike kwenye bomba. Kipya unasema weka. Maji unasema zima. Tundu unasema ziba. Mwanzoni walicheka, wakaniita Mwalimu wa Kiswahili. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Foromani, na mkanda wa suruali tuweke au tuzime?" Nilicheka nao. Lakini walizoea, na sasa nikipita mahali nikasikia mafundi nisiowajua wakisema "weka koki, zima maji," najua walipitia kwa nani.

Sasa nimestaafu. Nyumba yangu ina bomba zuri na kazi kidogo. Majirani wengi hujitengenezea wenyewe, wakitazama kwenye simu mtu wa mbali akifanya, na wakikwama huniita. Siwakatazi. Mimi mwenyewe nilianzia jikoni kwa mama, na mtu anayeweza kubadilisha washa, yaani kile kipira cha ndani ya koki yake, hana sababu ya kungoja fundi. Ninachowaambia ni kidogo. Jueni mahali pa kuzimia maji kabla hamjagusa chochote. Msikaze kupita kiasi. Kitu chochote chenye moto chini na maji ndani lazima kiwe na mahali pa kupumulia, na mahali hapo pasiwe na kizuizi cha aina yoyote. Na mkiwa wawili, anayeambiwa arudie kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya, kabla hajakifanya. Kusema "sawa" hakutoshi.

Mvua zilizopita Auma alinipigia simu. Jina lake lilipotokea nilifikiri kuna msiba.

"Habari yako," alisema.

"Nzuri, Auma."

"Bomba la jikoni limekatika. Maji yamefika sebuleni. Fundi wangu hashiki simu."

"Nje, karibu na mita, kuna mpini mdogo."

"Nimeuona."

Nilimsikia akipumua, akingoja. Sikutaka kumwambia zima. Nilisema kwa Dholuo, "Lor, nyamera." Funga, dada yangu.

Niliyasikia maji, kisha sikuyasikia.

"Nimefunga," alisema. "Asante, fundi." Akakata.

Kesho yake nilitoka mapema na begi langu kwenda Mbita. Nilikuta fundi wake amekwisha kubadilisha kile kipande, kazi safi, sikuwa na la kuongeza. Auma alinikaribisha. Aliniletea chai nje, kwenye benchi lililo kando ya mlango wa jikoni, mahali anapowapa mafundi, akarudi ndani kukausha sakafu. Niliinywa yote. Nilipomaliza nilikiweka kikombe dirishani, nikamwambia asante, na nilimwambia kwa Kiswahili.